Leodgar Akae na Watani

Sogeeni karibu, wanangu. Raymundi, njoo upande huu wa kichwani, na wewe Advera kaa hapo kwenye mkeka ulipokuwa ukikaa ulipokuwa mdogo, maana sauti yangu sasa haivuki kizingiti, na nitakayoyasema sitaki yasikiwe nusu halafu nusu nyingine mkaijazia wenyewe. Leodgar hayupo, Mabruki amemchukua matembezi, watarudi baada ya swala ya alasiri kama kawaida yao, kwa hiyo tunayo nafasi. Mimi Veneranda, mama yenu, akili yangu ni timamu. Mwili tu ndio umekataa.

Nimewasikia mkizungumza uani. Mlidhani nimelala. Mlisema nikishaondoka nyumba hii iuzwe, na Leodgar apelekwe shambani Usoke, ajengewe chumba nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, atafutwe mtu wa kumpikia, kule ambako hakuna wapita njia wa yeye kuwatukana. Raymundi, hukusema kwa ubaya, nilikusikia vizuri, ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kuona haya. Naijua sauti hiyo kwa sababu ni yangu. Umeirithi kabla sijagawa kitu chochote, na ndiyo mali ya kwanza ninayotaka kuichukua tena leo, niende nayo.

Mnakumbuka ndugu yenu alivyokuwa. Mtoto wa maneno machache, ukimtuma dukani anaandika kikaratasi ili asiongee na muuzaji. Lakini Jumapili akisimama kusoma somo la kwanza, kanisa zima lilitulia, na wazee wa nyuma kabisa walisema wanamsikia Leodgar kuliko wanavyosikia spika. Nami nilikuwa nakaa mstari wa tatu, kitenge kipya, shingo imenyooka, najua watu wananitazama. Nilijivuna, wanangu. Sauti ile niliiona kama yangu.

Kisha alikwenda msituni kutundika mizinga ya nyuki, kama baba yenu na babu yenu, tawi likakatika, akashuka na mzinga wake, kichwa kikakuta mzizi. Mlikuwa wakubwa, mliyaona mengine. Daktari alituweka chini akatueleza kwamba sehemu iliyoumia ni ile ya mbele ya ubongo, inayomzuia mtu kusema kila kinachompitia kichwani. Nilimwitikia kwa kichwa. Nilishukuru kwamba anatembea, anakula, ananijua jina. Sikuelewa nilichoambiwa mpaka jumuiya ilipokuja kusali hapa nyumbani.

Ilikuwa zamu yetu. Nilitandika mikeka, nikachemsha chai ya tangawizi, Mama Mhoja akaongoza rozari. Katikati ya fumbo la pili Leodgar akatoka chumbani, akamtazama, akasema kwa sauti ileile ya somo la kwanza, safi kabisa, “Mama Mhoja, makalio yako yamekaa hapo kama magunia mawili ya tumbaku, sasa unamwomba Mungu nini tena?” Neno lenyewe lilikuwa la mtaani zaidi, mimi nimelipunguza ukali. Vijana wakaangua kicheko, kisha wakaona sura yangu wakakimeza. Rozari haikwisha. Chai ilimwagwa asubuhi yake ikiwa imepoa kwenye birika.

Na yale ya wakwe zako, Raymundi, hatujawahi kuyasema ana kwa ana. Wamesafiri kutoka Bukene na wazee wao, wamepokelewa, wamekaa, na Leodgar akamwambia mama mkwe wako jambo kuhusu kifua chake ambalo sitalirudia hata leo kitandani hapa. Mkwe! Mtu ambaye wewe mwenyewe hujawahi kumtazama usoni. Alijifunika kanga, akatoka nje, akasubiri gari juani. Nilimfuata Bukene wiki ile, nikapiga magoti mlangoni pake, akanipa maji ya kunywa na hakunipa kiti. Hajasamehe mpaka leo, nami simlaumu. Tangu siku ile hukukanyaga hapa mpaka ulipopigiwa simu kwamba mama anakufa. Na wewe Advera, usiinamishe kichwa kana kwamba linamhusu kaka yako peke yake. Kutoka Tura mpaka hapa treni inakufikisha, lakini watoto wako siwajui sauti. Kila Krismasi wana homa.

Sasa sikilizeni langu. Nilifunga mlango. Jumuiya ilipobisha hodi nilijibu nikiwa ndani kwamba mgonjwa amelala. Kanisani niliacha kwenda, kwani nani angekaa naye, na ningempeleka vipi asije akamwambia padre mbele ya altare kile ambacho sisi wenye vichwa vizima tunakifikiri na kukimeza? Nikawa nasali peke yangu nyuma ya mlango uliofungwa. Na sala yangu, wanangu, ilikuwa moja. Sikuomba apone. Niliomba, “Bwana, mfunge kinywa.” Nilishika rozari ya mama yangu nikamwomba Mungu amnyamazishe mwanangu. Nipe maji, Advera. Kidogo tu, ulowanishe midomo.

Mabruki alikuja kwa njia hii hapa, akitoka sokoni, mzee asiyenijua nami simjui zaidi ya kwamba alistaafu reli akabaki Tabora na mkewe Zuena. Leodgar alikuwa amenitoroka, amekaa barazani. Nikamsikia akipaza sauti, “Wewe mzee, kichwa chako kama kifuu kilichokunwa nazi mpaka ikaisha!” Nilitoka mbio, nikaanguka magotini pale mchangani, nikasema samahani baba yangu, samahani, mwanangu ni mgonjwa.

Hata hakunitazama. Alimtazama Leodgar juu mpaka chini, akaweka kapu lake chini, akauliza, “Huyu ni Mnyamwezi?” Nikasema ndiyo. “Basi si mgonjwa, huzaliwa hivi. Babu yake alimbebea mizigo babu yangu kutoka Bagamoyo mpaka hapa, analia njia nzima anamtaka mama yake!”

Leodgar akajibu, “Babu yako alikuwa na mzigo gani? Alikuwa na shuka moja na chawa!”

“Na chawa wale mliwabeba ninyi, wapagazi, tena mkawalisha!”

Na Leodgar akacheka. Tangu aanguke alikuwa hajacheka, wanangu. Nilikuwa bado nimepiga magoti, mchanga umenishika mikononi, na mwanangu anacheka mpaka ananyanyua miguu. Mabruki akanigeukia, akasema kwa upole kabisa, “Mama, inuka hapo chini. Mimi ni Mzaramo. Huyu ni mtani wangu, hawezi kunitukana hata akitaka.”

Mnaujua utani wetu na wao, ulivyotoka kwenye njia ile ya misafara inayopita Kwihara, wazee wetu walikwenda pwani, wakalala kwao, wakaugua kwao, wakazikwa na mikono yao, na badala ya kulipana wakaachiana ruhusa ya kutukanana bila mtu kukasirika. Nilikuwa naujua kama jambo la misibani, la kuchekesha watu. Sikujua kwamba ni chumba, na kwamba mwanangu ambaye nchi nzima haikuwa na mahali pa kumweka angeingia humo akatosha. Kila mahali maneno yake yalikuwa ugonjwa. Mbele ya Mabruki yalikuwa maongezi.

Akawa anakuja kila siku baada ya alasiri. Anamwita mpagazi, anaitwa mla nazi, wanakunywa kahawa ya Zuena, wanakwenda mpaka stesheni kutazama treni na kutukanana na Wazaramo wengine wawili wa reli. Jumapili moja alikuja asubuhi, amevaa kanzu yake, akasema, “Bi Veneranda, nenda kwa Mungu wako. Mpagazi wangu nakaa naye mimi.” Sikwenda. Nilimwambia naumwa kichwa. Niliona haya kwamba Mwislamu ananituma kanisani.

Halafu ndipo Leodgar alipopata homa ile kali na degedege, akalazwa, na alipotulia akawa hasemi. Macho wazi, kinywa kimefungwa. Nikaketi pembeni ya kitanda na nikajua nani aliyeliomba jambo hilo. Padre aliniambia baadaye kwamba Mungu hajibu sala za namna ile, na mimi nimemwamini, maana yeye amesoma. Lakini pale wodini sikuwa na padre, nilikuwa na sala yangu tu, imesimama mbele yangu imetimia.

Mabruki alikuwa wa kwanza kuja. Wa pili, naye alifika hata kabla sijaomba msaada wowote, alikuwa Mama Mhoja, na beseni, na uji. Nilipomwona nilijifunika uso. Nikaanza, “Mama Mhoja, yale aliyokwambia siku ile…” Akanikatiza: “Yapi, ya magunia? Mbona mume wangu ananiambia hayohayo, tena yeye kichwa kizima! Shika hili beseni.” Akamwosha mwanangu mgongo kama anavyowaosha wanawe. Na jioni wakaja wenzake wa jumuiya, wakapeana zamu, na mmoja akaniambia jambo ambalo bado linanichoma, kwamba kila zamu yetu ilipofika walikuja mpaka kwenye kona ile ya duka la mkaa, wakauona mlango umefungwa, wakasali palepale wakiwa wamesimama, wakaondoka. Wao hawakuwa wamekwazika na Leodgar. Waliogopa haya yangu. Mimi nilidhani nawafichia watu mtoto, kumbe nilikuwa namfichia mtoto watu.

Sala yangu nikaibadilisha pale pale, kwa sauti, mbele yao. Nikamwambia Mungu, mrudishie hata tusi moja. Mama Mhoja akaitikia amina bila kucheka. Na Mabruki kila siku alikuwa anainama sikioni, “Mpagazi, amka, mzigo unakungoja, mvivu wewe.” Mpaka siku Leodgar alipogeuza shingo, taratibu, akamtazama, akasema, “Mla nazi, unanuka mdomo.” Mabruki alikaa sakafuni, mzee mzima, akasema alhamdulillahi, nami nikakaa hapohapo sakafuni pembeni yake, na sijawahi kusali kanisani kama nilivyosali pale. Hiyo ndiyo imani niliyo nayo, wanangu. Ile ya mstari wa tatu ilikuwa kitenge.

Sasa niwagawie, pumzi inapungua.

Shamba la Usoke ni lako, Raymundi, lote, na bani lake, lima upendavyo, lakini usijenge chumba kule. Vyombo vyangu, cherehani na rozari ya mama yangu ni vyako, Advera. Mizinga iliyobaki msituni muivune kila msimu, asali igawanywe kwa jumuiya na kwa nyumba ya Mabruki, na msimpeleke Mabruki mwenyewe msituni, hajui nyuki, watamwuma na Leodgar atacheka mpaka aanguke tena. Nyumba hii haiuzwi Leodgar akiwa hai. Ni yake, na baraza yake iangalie njia, na mlango uwe wazi jumuiya inapokuja. Mama Mhoja na wenzake wameshapanga nani anapika na nani anafua. Walipanga wenyewe, mimi nikatazama ukutani kwa sababu sikuweza kuwatazama wao. Haya haijaniisha, msidhani. Hata leo anaposema neno mbele ya mgeni natamani kufunga mlango. Nimejifunza tu kutokuifuata inakonipeleka.

Advera, walete watoto. Atawaambia wana vichwa vikubwa. Ni kweli wanavyo, nimeona picha.

Raymundi, wewe nakuomba jambo moja zito kuliko shamba. Kaa naye barazani siku moja, akuambie atakayokuambia, na usitazame chini. Siku moja. Ya pili utakuja mwenyewe.

Na msiba wangu. Nimeshamwambia padre, alikuna kidevu, akakubali. Leodgar asifungiwe chumbani, asipelekwe kwa jirani, asipewe dawa ya usingizi. Akae mbele, na watani. Watakuja Wazaramo wote wa Mabruki, watavaa kanga zangu na kuiga ninavyochechemea, watalizuia jeneza na kudai ushuru, na yeye awe katikati yao, aseme juu yangu chochote kitakachompitia, na pale hakuna atakayejua lipi ni la ugonjwa na lipi ni la utani. Mkwe wako akija, Raymundi, mpe kiti kizuri, mbali kidogo.

Ngojeni. Huo ni mlio wa fimbo ya Mabruki. Wamerudi.

Inueni mto… hivyo, inatosha. Mungu awape, wanangu, shingo zisizovunjika na milango isiyo na komeo. Awape watu wa kukaa nanyi. Raymundi, mkono wako. Advera… wako. Ninawabariki kwa… kwa jina la Baba…

Karibu, Leodgar. Karibu baba. Njoo hapa mwanga ulipo.

Mmesikia? Mmesikia anachoniuliza? “Bikizee, bado hujafa tu?” Hapana, Advera, kaa chini. Usimzibe mdomo. Raymundi, mtazame, hivyo hivyo.

Bado, baba. Bado kidogo… Nilikuwa nakungoja wewe.

Sema tena.