Msumeno Alioachiwa Shemeji

Benchi la kahawa la mzee Mwinyimadi lilikuwa kando ya stendi ya Kisarawe, mbele ya ofisi za wilaya, na asubuhi ile ya mwaka 1976 waliolikalia wote walikuwa na kazi mahali pengine. Isihaka peke yake ndiye aliyekuja kwa shughuli: kibali cha petroli ya kijiji, na karani alikuwa hajafika. Jana jioni alikuwa amechukua tupa akavisaga vile vijino vifupi vilivyo mbele ya kila jino la msumeno wa moto wa kijiji, ule wa mnyororo na injini, kwa sababu aliuona wa kijiji cha Kongowe umesagwa hivyohivyo, nao unakata mti utadhani muhogo. Leo alfajiri shemeji yake Gregori, mume wa dada yake, ameuchukua kwenda nao msituni kuangusha mti wa mkongo wa mihimili ya zahanati. Isihaka hakumwambia kitu. Alitaka ajionee mwenyewe, arudi amsifu. Sasa roho haikutulia, na alichotaka ni mtu yeyote amwambie kwamba amefanya vizuri.

— Shikamoo mzee. Nipe kahawa chungu.

— Marahaba. Mbona umejikunyata hivyo?

— Baridi tu.

Hapakuwa na baridi yoyote. Kulia kwake alikaa Spana, aliyewahi kuwa utingo wa lori miezi mitatu na tangu hapo akajiita fundi. Kushoto alikaa Ripoti, msikilizaji wa redio, ambaye kila habari aliirudisha ikiwa imenenepa.

— Jamani, akasema Isihaka, mtu akivisaga vile vijino vya mbele vya msumeno wa moto, kama nilivyoona wa Kongowe wamefanya, kuna ubaya?

— Ubaya gani? akadakia Spana. Zile ni breki. Mzungu kaziweka makusudi ukate polepole, mnyororo uishe, ukanunue mwingine kwake. Umesaga kiasi gani?

— Kama unene wa kijiti cha kiberiti.

— Kijiti tu? Huo woga. Mimi ningetoboa na ekzosi matundu manne, mashine ipumue.

— Matundu hayatoshi, akasema Ripoti. Ulaya wanachanganya petroli na gongo.

— Redio imesema gongo? akauliza Spana.

— Imesema spiriti. Kwani gongo ni nini?

— Gongo ni miezi sita jela, akasema mzee Mwinyimadi, akimimina kahawa.

— Hao wa Kongowe siri yao naijua, Spana akaendelea. Mnyororo wanaupaka mafuta ya chatu.

— Chatu hana mafuta, akasema Ripoti.

— Wa kwao anayo.

Wakacheka, na Isihaka akacheka nao, kwa kuwa akicheka alisahau kidogo. Lakini hofu ilimrudia palepale. Jana alipoujaribu, msumeno uliingia laini kabisa, ila mara moja tu ncha iliruka juu ghafla, naye akajiambia ni mkono wake uliochoka. Akatamani Spana aendelee na chatu wake mpaka karani afike.

Basi la kutoka Dar lilikuwa limeshusha watu, na mmoja wao, mwanamume wa bara mwenye sanduku la useremala, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na kikombe chake, akisikiliza.

— Samahani ndugu, akasema. Naitwa Leodegar, nimefanya kazi kiwanda cha mbao miaka minane. Huo msumeno umeshaujaribu? Kwenye mti gani?

— Kisiki cha msufi, nyuma ya nyumba.

— Na hao wa Kongowe uliwaona wakikata nini?

Isihaka akakumbuka siku ile ya Kongowe, sufi nyeupe zikipeperuka barabarani na kunasa kwenye nywele za watu.

— Misufi, akasema. Walikuwa wanasafisha kando ya barabara.

— Basi. Msufi ni laini, jino hata likizama sana linapita. Vile vijino ndivyo vinavyolizuia. Ukivishusha namna hiyo halafu ukaingia kwenye mti mgumu, jino linazama, linanasa, na msumeno unamrukia aliyeushika.

Spana akasema hata yeye alikuwa anaelekea hukohuko.

— Leo mnakata mti gani? akauliza Leodegar.

— Mkongo, akasema Isihaka, na sauti ilikuwa ndogo mno hata Ripoti akainama kumsikia.

Leodegar akaweka kikombe chini.

— Mkongo ni mgumu kama jiwe. Na aliyeushika anajua?

Mzee Mwinyimadi akaanza kusema baiskeli yake ipo pale ukutani, aichukue, lakini Isihaka alikuwa keshashika njia ya mteremkoni, anakimbia na kikombe mkononi, analiita jina la Gregori, na msitu uko mwendo wa saa nzima.