Papa Leslie Aliandika Kila Simu

Bapapa na bamama, mimi ni Berthe, dada mukubwa wa Rolande mujane, familia imenipa nisome maisha ya shemeji yetu, Papa Leslie Trembath, na mimi masomo yangu yaliishia mwaka wa tano primaire, donc mutanivumilia, lakini majina ya bantu najua kuyasoma vizuri.

Papa Leslie alizaliwa tarehe 14 mai 1946 kule Wallaroo, Australia, akasoma mpaka miaka kumi na sita, akaingia jeshi, na mwaka 1967 akatumwa vita ya Vietnam katika transmissions, ni kusema kusikiliza redio na kuandika kila ujumbe pamoja na saa yake, maana kusahau mustari mumoja kungeua bantu.

Mwaka 1975 alifika Lubumbashi kutengeneza redio za misioni, akamuona Rolande, akamuoa tarehe 11 août 1979, Mungu akawapa Guylain na Tatiana, na mwaka 1992 wakahamia hapa Brussels, Evere, akatengeneza simu mpaka pension.

Tarehe 6 mars 2024 alipata AVC, ni kusema kiharusi, upande wa kushoto ukakufa, ulimi ukawa muzito, lakini simu ilikuwa kando ya kitanda, alipokea mwenyewe, alisikiliza, na mukono wake wa kuume ukaandika katika kitabu jina na saa ya kila anayepiga, kama kule vitani, mpaka alipotuacha tarehe 9 février 2026.

Bon. Dimanche iliyopita, soko ya Midi, Guylain, muzaliwa wa kwanza, alikuwa anaambia bamama wa kanisa: "Nilipiga simu kila siku, maman ndiye alininyima papa!" Mimi nilikuwa nyuma yake nachagua majani ya sombe, kitambaa mpaka machoni, hakunijua hata kidogo, na tangu siku ile hakuna mama hata mumoja aliyekuja kukaa matanga na mudogo wangu.

Alors, kitabu ni hiki hapa. Tatiana, kila jioni. Patient, jirani wa chini, simu mia mbili na kumi na mbili, na supu aliyoleta juu yake. Guylain, moja, tarehe 3 juin 2024, 11h20: "Anauliza funguo ya garage. Amekata."

Tunashukuru madaktari, bauguzi waliokuja nyumbani, wenzake wa kazi, majirani wa Evere, na bale bamama wa kanisa pia, Rolande amekaa pale mbele, kama haya zimewashika, njia ya kumufikia ni fupi.

Shemeji, pumzika sasa kwa amani yako. Wewe Guylain, simama, hicho kiti cha karibu na sanduku ni cha Patient.