Shanga Moja Katika Damu

Nyamizi: Haloo? Nani huko? Haloo!

Ignas: Mimi Ignas, mama. Napiga kutoka hospitali, Shinyanga—

Nyamizi: Ignas! Muhidini, acha duka lako, njoo usikie, mwanangu anaongea ndani ya chuma!

Ignas: Mwangaluka, mama.

Nyamizi: Mwangaluka, baba. Umekula? Mbona sauti kama—

Ignas: Nimepewa dakika tatu tu. Mdogo wangu yuko wapi?

Nyamizi: Pantaleo? Kwangu, kitandani. Homa imemtoa machimboni Jumatatu. Vile vidonge vya kahawia ulivyomtumia tunampa, usihofu. Simsamehe hata kimoja.

Ignas: Mkojo wake ukoje?

Nyamizi: We! Unamuuliza mama yako mkojo wa mwanamume mzima?

Ignas: Mama. Ukoje?

Nyamizi: Mweusi. Kama chai ya rangi iliyolala. Kichocho tu hicho, kimerudi. Si nyote mlikojoa damu, baba yenu akasema sasa mmekua?

Ignas: Siyo kichocho. Macho je?

Nyamizi: (Mikwaruzo ya laini.) ...njano kidogo. Na anahema kama anapanda mlima, naye amelala.

Ignas: Nisikilize. Vidonge hivyohivyo vimenilaza hapa wiki mbili. Daktari amenichorea. Ndani ya damu kuna kitu, wanakiita kimeng'enya. Ni kama uzi wa shanga karibu mia tano, umekunjwakunjwa ukawa donge—

Nyamizi: Shanga za kiunoni?

Ignas: Mama! Kazi yake ni kuilinda damu. Sasa cha kwetu kimetungwa shanga moja isiyo yake. Donge halikai sawa, linachakaa upesi. Siku zote huoni kitu. Ukimeza kidonge kile, damu inapasuka.

Nyamizi: Cha kwetu? Nani alikitunga vibaya?

Ignas: Tumezaliwa nacho.

Nyamizi: Mmekitoa kwa baba yenu?

Ignas: Si kwa baba... Laini mbaya, mama.

Nyamizi: Mimi nakusikia vizuri. Kaka yenu Januari, siku tunamzika, macho yalikuwa njano.

Ignas: Mama—

Nyamizi: Alikuwa amemeza dawa ya homa. Nilimpa mimi.

Ignas: Hukujua. Sasa acheni vidonge, leo leo. Tafuteni gari, aongezwe damu. Anameza vingapi?

Nyamizi: Kimoja cha homa. Na tangu jana namwongezea kingine hichohicho, cha kichocho.

Ignas: Viwili?

Nyamizi: Mchana viwili, jioni viwili. Nilisema wewe umesoma, huwezi kutuma dawa mbaya.

Ignas: (Anakohoa.) Nani yuko naye?

Nyamizi: Mkewe, Zipora. Nimemwachia vya saa sita. Nikamwambia akivikataa, ambane pua.

Ignas: Sasa ni saa ngapi?

Nyamizi: Muhidini, saa ngapi? ...Anasema saa sita kasoro kumi.

Ignas: Na kutoka hapo dukani mpaka nyumbani?

Nyamizi: Nusu saa. Kwa miguu yangu hii, labda—

Ignas: Kimbia.

Nyamizi: Ngoja basi nikuage vizuri, baba, na wewe mgonjwa—

Ignas: Usiniage! Kimbia, mama, kimbia!

Nyamizi: Nakimbia, mwanangu, nime—

(Mkono wa simu unagonga meza. Kandambili zinapiga sakafu, zinafifia.)

Ignas: Muhidini! Muhidini, uko hapo? Una baiskeli? Mpite njiani, mwambie Zipora— Haloo? Opereta, usikate! Haloo?