Risala ya Darasa Lililosahau Kupima Mlango

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo cha Uhandisi. Mwalimu wetu wa karakana. Wazazi wetu wapendwa. Na wewe jirani uliyetuazima ngazi: shikamooni, na poleni kwa kupanda.

MAKARIBISHO
Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa moyo wako, na zaidi kwa magoti yako. Si kila mkuu wa chuo angekubali kuingia ukumbini kwa dirisha, tena na suti. Kama suruali ilinasa kwenye komeo usione haya, darasa la ushonaji liko nje na sindano.

HISTORIA FUPI
Sisi ni darasa la uchomeleaji. Wengi wetu tuliachia shule njiani, kila mtu na yake, tukaja hapa kujifunza kuunga vyuma. Kiranja wetu ni huyu dada anayekusomea, tunamwita Cheche. Aliacha sekondari mama yake alipougua, akalea wadogo zake mpaka wakampita kimo.

MAFANIKIO
Tumetengeneza tela la kubebea maji, ambalo ndilo umekuja kulizindua. Kiongozi wa kazi alikuwa Cheche. Alipima ekseli, akapima matairi, akapima tangi, akarudia kupima mpaka tukamchoka.

CHANGAMOTO
Mlango wa ukumbi huu, ambao ndio karakana yetu, hakuna aliyeupima. Kila mmoja alijua mwenzake amepima. Jana tukalisukuma tela kwa vifijo, likafika katikati ya mlango, likagoma. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Mwalimu akashika kiuno: "Haya, wataalamu!" Akageuka kwa hasira aende zake, ndipo akakumbuka hana pa kupitia.

Sisi tukaanza kuchekana. Cheche akakaa juu ya tairi, akainama, tukadhani analia. Kumbe anawaza. Akasema, "Jamani, mimi najua kuunga tu. Nataka kujua kwa nini chuma kinapinda hapa na si pale. Nataka nichore kitu kizima, na mlango wake, kabla sijawasha moto."

Tukamwambia, "Si uombe Chuo cha Uhandisi? Siku hizi wana njia ya mafundi. Unakwenda na cheti chako cha ufundi, unasailiwa, ukifaulu unajaziwa hesabu ulizozikosa, unaendelea na wengine."

Akatukata kauli: "Nikakae na watoto waliomeza vitabu? Wataniuliza nimeingilia wapi."

Mgeni rasmi, mwisho wa maombi ni leo, na hajaomba. Anataka mpaka anaumwa, lakini anaogopa. Hilo ndilo linalotuuma sisi kuliko tela.

Cheche, usikunje karatasi. Soma. Ukurasa huu tuliubandika asubuhi ulipokuwa unafagia. Usimtazame mama yako, yeye ndiye aliyeleta gundi.

MAOMBI
Tulitaka kuomba nyundo kubwa ya kubomolea ukuta, mwalimu akatukataza. Basi ombi letu ni moja: umsaili Cheche leo, hapa hapa. Cheti chake anacho, tela ulione mwenyewe, kosa lake amekwisha kukusomea kwa mdomo wake. Muulize lolote. Asipojua atakwambia hajui, halafu atakuganda mpaka umweleze.

Na wakimuuliza huko chuoni ameingilia wapi, tunakuomba umjibie wewe. Leo umeingia kwa dirisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza kama kweli ni mgeni rasmi. Tulisimama wote tukakupigia makofi. Naye mpokeeni hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na miguu imara, akibariki chuo chako, na akushushe salama saa ya kuondoka.

Ni sisi wako watiifu,
Darasa la Uchomeleaji, tulioko nyuma ya tela.

Cheche, umemaliza kusoma. Weka karatasi chini, msogelee mgeni. Dirishani usiangalie, ngazi tumeshaiondoa.