Historia ya Marehemu Anaeli Nnko, Pamoja na Mwaka 1953

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu na majirani mliofika hapa Akheri leo Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, historia hii inasomwa na Ephraimu, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia, na kabla ya lolote ifahamike kwamba jana baadhi ya wazee walikuja kuomba mwaka 1953 urukwe, iandikwe tu kwamba marehemu aliacha kazi kwa sababu ya afya, ili msiba usiingie aibu. Familia imekataa. Marehemu mwenyewe alimwambia mkewe kitandani, "Isomeni yote, msiruke hata mstari," basi itasomwa yote, na anayeona haya ainamishe kichwa.

Anaeli alizaliwa tarehe 3 Juni 1919 hapa hapa Akheri, mtoto wa kwanza wa mzee Elieza Nnko na mama Nanyori, akasoma shule ya misheni kuanzia 1929 hadi darasa la nne mwaka 1933, na alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka walimu wanachoka. Ndiye aliyegundua, kwa kumfuatilia tu kuku wa mama, kwamba kuku anayeatamia huacha mayai kidogo asubuhi, akala, akapita kwenye majani yenye umande, kisha akarudi na manyoya mabichi na kuyageuza mayai kwa mdomo. Hilo hakulisahau.

Tarehe 12 Septemba 1942 alifunga ndoa na Aikande, binti wa Machame, wakajaliwa watoto wawili, Elieza mwaka 1944 na Hedwiga mwaka 1954.

Mwaka 1946 aliajiriwa katika shamba la mzungu mmoja upande wa Usa River, ambaye jina lake halitachafua msiba huu, na mwaka 1949 akakabidhiwa mashine ya kutotolea vifaranga, ile ya taa ya mafuta. Kwa miaka minne aliweka bakuli la maji ndani yake, akayageuza mayai mara tatu kwa siku, akaandika joto kwenye daftari, na kuku waliotoka mikononi mwake walikua wakanenepa, sifa akachukua bwana.

Septemba 1953 mayai mia tano ya kuku wa nyama yalichelewa kufika shambani wiki nzima, na bwana alikuwa amekwisha kuwaahidi watu wa hoteli mjini kuku wa Krismasi, kwa hiyo mayai yalipowekwa tarehe 21 akaamuru moto upandishwe kutoka digrii mia na tatu za Farenhaiti hadi mia na sita, afidie siku zilizopotea, kana kwamba anachemsha chai. Anaeli alimwambia kwa heshima, "Bwana, watatoka mapema, lakini vitovu vitakuwa havijafunga, na miguu haitawabeba." Akajibiwa, "Wewe washa taa, mambo ya kuku niachie mimi."

Walitoka tarehe 10 Oktoba, siku ya kumi na tisa, wadogo, vitovu vibichi, zaidi ya mia wakafa wiki ya kwanza, na waliobaki, pamoja na chakula chote walicholishwa, walidumaa, wakafika Krismasi wamekaa chini, miguu imepinda. Tarehe 28 Desemba aliwekewa karatasi mezani, inayosema kwamba alilala kazini akaiacha taa ipande yenyewe, akaambiwa asipotia sahihi mkewe ataondoka siku hiyo hiyo kwenye nyumba ya shamba, naye Aikande ana mimba ya miezi minane. Akatia sahihi. Wakafukuzwa hata hivyo, na Hedwiga akazaliwa jikoni kwa bibi yake.

Yule bwana alisema uongo kwa faida yake, lakini ninyi mliupokea bure, mkamwita marehemu Mlala Kazini, mkamvua uzee wa kanisa, na hakuna hata mmoja aliyeomba kuliona daftari. Aliyeomba ni fundi seremala wa mjini, karibu na mto Themi, Kulwant Singh, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akamtengenezea sanduku la kutotolea, na tangu 1955 vifaranga wenu wengi wametoka humo, mkaja na vikapu na mdomo ule ule.

Kifua kilianza kumsumbua Juni 1957, akalazwa mjini tarehe 4 Machi mwaka huu, akafariki Jumanne tarehe 11, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka thelathini na minane. Kabla ya kulazwa aliweka mayai sitini, tarehe 21 Februari, naye Aikande ameyageuza na kuyaongezea maji, hata wakati ninyi mnalia sebuleni. Leo asubuhi, siku ya ishirini na moja, vifaranga wamevunja maganda. Mtakaopenda pitieni chumba cha nyuma mkawatazame miguu na vitovu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupasua kuni, wafanyakazi wenzake wa shambani waliothubutu kuja, na fundi Kulwant aliyelitengeneza jeneza hili kwa mikono yake.

Pumzika sasa kwa amani, Anaeli. Kazini hukulala.