Injini Ambayo Marehemu Telesphor Hakuibadilisha

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazazi, majirani wa Makanyagio, nanyi mafundi mliofunga kazi leo, anayewasomea ni Alois, kaka mkubwa wa marehemu, anaomba mmvumilie akisoma polepole.

Marehemu Telesphor alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Usevya, mtoto wa tano wa wakulima wa mpunga, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1980 hadi 1986. Mwaka 1989 alikwenda Tabora kujifunza ufundi wa magari, na mwaka 1997 akafungua gereji yake hapa Makanyagio, ambako injini ndogo za petroli za pistoni nne, hasa zile za Toyota ziitwazo 5A, alizitambua ugonjwa kwa mlio kabla ya kufungua boneti. Tarehe 12 Septemba 1998 alifunga ndoa na Theopista, Mungu akawajalia watoto watatu.

Inayofuata ni aibu ya huyu anayewasomea, wala uongo uliosemwa hadharani hauungamwi chumbani. Juni 2014 Alois alimpelekea Corolla yake, injini 5A iliyokuwa ikila oili, marehemu akabadilisha ringi za pistoni, akaiosha, ikawa na mlio mtulivu kuliko zamani. Wiki hiyohiyo Alois aliendesha hadi Sitalike bila kutazama maji ya rejeta, gari likachemka, naye badala ya kujilaumu akasema injini yake imeuzwa, amewekewa mbovu. Marehemu alimwomba asugue grisi, asome namba iliyogongwa kwenye injini na kuilinganisha na kadi ya gari, Alois akakataa hata kuinama, akalifikisha jambo kwenye jumuiya yetu ya kanisa, ambayo marehemu aliiongoza, marehemu akavuliwa uenyekiti, wateja wakahama, watu wakitaniana kwamba ukimwachia Telesphor ng'ombe utarudishiwa mbuzi. Fundi mwingine alibadilisha tu gasketi iliyoungua kwa joto, na injini ileile iliyoitwa mbovu ikabeba magunia na wagonjwa miaka kumi na moja.

Mei 2025 marehemu aliugua ini, na tarehe 28 Agosti Alois alimpeleka hospitalini kwa gari hilo, na njiani marehemu akainua kichwa akasema, "Inalia vizuri, kaka. Wewe uwe unaangalia maji tu."

Alifariki Jumanne tarehe 2 Septemba. Jioni yake Alois alisugua injini kwa brashi na mafuta ya taa, akasoma namba mbele ya mjane, tarakimu kwa tarakimu, nayo ni ileile ya kwenye kadi. Theopista alirudi kwa waombolezaji.

Alois hana cha kujitetea. Anawatangazia kwamba ndugu yake hakuiba, na anawasihi mlifikishe neno hili hata kwa waliohama mji, kwa kuwa uongo ule ulifika huko kwa mdomo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, na mafundi wawili mliobaki naye gereji miaka yote hiyo, mkamwamini bila kusoma namba.

Mdogo wetu Telesphor, Bwana akupe pumziko la amani ambalo sisi tulikunyima.