Severa Onesphory, 1936–1984: Mwalimu, Msafiri, Dada wa Polycarp

Kila siku ya kazi, saa moja kasorobo asubuhi, Mwalimu Severa alisimama mbele ya duka la vyombo la mdogo wake Polycarp, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Hakuvuka kizingiti. Alisema, "Polycarp, umeamkaje?" Akangoja kidogo, kisha akashika njia ya shuleni. Kwa miaka saba hakujibiwa.

Alizaliwa Kibosho, Moshi, tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa kwanza wa Mzee Onesphory na Mama Agnesi. Mama alifariki Polycarp akiwa hajaota meno, na Severa, mwenye miaka sita, ndiye aliyembeba mgongoni. Alipoanza shule mwaka 1944 alikwenda naye darasani. Mwalimu alipolalamika, Severa alimjibu, "Huyu halii, mwalimu. Hao wengine ndio wanaopiga kelele."

Alihitimu ualimu mwaka 1956, akafundisha Moshi, na mwaka 1962 akahamishiwa Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye alimwita Polycarp, wakaishi chumba kimoja cha kupanga hadi mdogo wake alipofungua duka. Mchana alifundisha watoto, jioni watu wazima. Wapo wachukuzi wa Kariakoo waliojifunza kwake kuandika majina yao.

Likizo ya Desemba 1969, ndani ya treni ya Kigoma, mkaguzi wa tiketi alimwuliza mbona tangu Morogoro anaandika tu.

"Naandika njia," alisema.

"Basi niandike na mimi. Njia hii yote naijua."

Huyo alikuwa Sadalla Bakili, mwenyeji wa Pangani. Walioana tarehe 12 Agosti 1972 mbele ya mkuu wa wilaya, kila mmoja akabaki na dini yake. Polycarp alikwisha sema, "Ukiolewa na huyo, dada, mimi na wewe basi," na harusini hakuja. Mzee Onesphory alipofariki mwaka 1977, Severa alifika Kibosho akakaa na majirani waliokuwa wakimenya ndizi, kwa sababu kwenye benchi la wafiwa hakuna aliyempisha. Polycarp alipita karibu yake bila kumtazama. Jumatatu iliyofuata Severa alikuwa tena mlangoni pa duka, akimwuliza ameamkaje.

Mungu hakuwajalia Severa na Sadalla mtoto. Kila likizo walisafiri pamoja, na ameacha madaftari kumi na moja ya safari hizo. Kila moja linaanza na maneno, "Polycarp mdogo wangu." La Pangani lina haya: "Leo mama mkwe amenifundisha kukuna nazi. Nimekuna na kidole. Akasema, haya, leo tunakula wali wa mkamwana. Nimecheka, halafu nikakukumbuka wewe, nikaacha kucheka."

Kwetu Uchaggani, aliyeletewa jani la sale aombwe radhi hawezi kukataa. Sadalla alilisikia hilo kazini, na siku moja ya Septemba 1979 aliingia dukani, wateja wamejaa, akamkabidhi Polycarp jani kwa mikono miwili.

Polycarp aligeuza jani, akaligeuza tena. "Hili umelitoa wapi?"

"Bustanini, pale stesheni."

"Hili si sale, shemeji. Hili ni ua la kupambia tu."

Wateja walicheka. Polycarp hakucheka; alikwisha jisikia akimwita Sadalla shemeji. Kesho yake, saa moja kasorobo, alijibu, "Nimeamka salama, dada. Ingia."

Mwezi Agosti 1983 Severa aligundulika kuwa na kansa. Hospitalini Sadalla alikuja asubuhi na tena jioni, Polycarp kila jioni na chupa ya mtori, supu ya ndizi ya kwao, na mara nyingi waligongana mlangoni wakakaa wote hadi wauguzi walipowatoa. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Juni 1984, akiwa na miaka arobaini na minane.

Ameacha mume, Sadalla. Mdogo wake, Polycarp. Wifi yake, Blandina, mke wa Polycarp. Na Winifrida, binti wa Polycarp, ambaye Severa ndiye aliyemfundisha kusoma. Mungu ampe pumziko la amani, na sisi tuliobaki atupe subira.

Ndugu waliotoka Kibosho wameuliza kwa nini kaburi limechimbwa hapa Kinondoni. Polycarp alikwisha safisha nafasi kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Kibosho, pembeni ya mama yao, akisema miaka saba alimnyima dada yake nafasi ya kukaa, hii hatamnyima. Sadalla alimjibu, "Ni dada yako, shemeji. Sina neno." Wiki moja kabla ya kifo, Polycarp alipotoka kuosha chupa, Winifrida alimwuliza mgonjwa, "Shangazi, mwenyewe unataka ulale wapi?"

"Nizikeni hapa Dar," alisema. "Sadalla magoti yanamsumbua. Kule mlimani hatafika."